Viazi Vingali Ardhini: Upatane kwa Mdomo, kwa Advansi au kwa Karatasi?

Mwenye viazi Isyonje, Kikondo au Umalila, huku kwetu Mbeya, huulizwa swali hili kila msimu, na mara nyingi huulizwa akiwa kwenye matuta, jembe mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega: "Mama, bei ya mwisho ngapi?" Anayeuliza ni dalali. Nyuma ya dalali kuna tajiri ambaye mama hamjui hata sura. Nyuma ya tajiri kuna soko la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, ambako bei ya asubuhi hii mama ataisikia jioni, kama ataisikia.

Nimekaa pande zote mbili za simu hiyo. Kuna miaka nilikuwa napeleka viazi vya watu Dar, kisha nikarudi kulima vya kwangu huku juu ya Uyole. Hapa nalinganisha njia nne ambazo watu wetu wanazitumia: kusubiri bei ya siku, kupatana kwa simu, kupokea advansi, na kuandikishana mkataba. Nimeshapata hasara katika tatu kati ya hizo, kwa hiyo usitegemee nitakuwa mpole kwa zote sawasawa.

Jambo moja kwanza, maana ndilo nitakalopimia kila njia. Unapopatana bei uko gizani, lakini giza lenyewe ni la aina mbili. Kuna giza ambalo mwenzako ana tochi: yeye anajua Dar leo wananunuaje, wewe hujui, wewe unajua kwamba robo ya shamba ilipigwa na ukungu na kwamba ada ya mtoto inadaiwa Ijumaa, yeye hajui. Halafu kuna giza ambalo hakuna mwenye tochi: mvua itakata barabara au haitakata? Njombe nzima itachimba wiki moja na sisi? Giza la kwanza linapungua mkiongea. La pili haliondoki hata mkiongea usiku kucha. Hapo mnachoweza ni kukubaliana mapema nani atabeba mzigo likitokea la kutokea. Wakulima wengi huumia kwa kutibu la pili kwa dawa ya la kwanza.

Bei ya siku

Hii ndiyo njia ya wengi. Hupatani na mtu hadi siku ya kuchimba. Gari linakuja, mnavutana, mnapakia. Uzuri wake ni kwamba hujafungwa. Bei ikiruka kwa sababu magari ya upande mwingine yamekwama kwenye tope, inaruka nawe.

Ubaya wake uko kwenye kiazi chenyewe. Kiazi kilichokomaa kinaweza kukuvumilia ardhini wiki kadhaa, ilimradi maji hayatuami na mnyauko haujaingia. Ili ngozi ikaze, majani hufyekwa kama wiki mbili kabla ya kuchimba. Ukishafyeka, umeanza kuhesabu siku. Ukishachimba, unahesabu saa: jua linakigeuza kijani, mvua inakiozesha. Dalali mzoefu anajua hesabu hiyo kuliko wewe. Atafika asubuhi, atakusalimu "Ugonile" kwa Kinyakyusa hata kama anajua wewe ni Msafwa, ataokota kiazi kimoja na kukisugua kwa kidole gumba aone kama ngozi inachubuka. Kisha atatazama lundo lako, atatazama mawingu upande wa Mlima Rungwe, ndipo ataje bei. Bei ile imetoka kwenye mawingu. Kiazi alichoshika hakikuongeza kitu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kirahisi, na hii inawapata hata wasiochimba bado. Tuseme wewe huwezi kushuka chini ya shilingi 55,000 kwa gunia, naye anaweza kupanda hadi 70,000. Kuna shilingi 15,000 hapo za kugawana. Lakini wewe unataja 80,000 ili upate pa kushukia, yeye anataja 45,000 ili apate pa kupandia. Mnachoka, anawasha gari anakwenda kwa jirani. Biashara iliyowafaa wote wawili imekufa, na kila mmoja anaondoka akimwona mwenzake mkaidi. Wachumi Roger Myerson na Mark Satterthwaite walithibitisha kwa hesabu mwaka 1983 kwamba kila upande ukiwa na siri ya bei yake, na ikawa haijulikani kwa yakini kama kuna nafasi ya kupatana, hakuna utaratibu wa kuuziana utakaookoa kila biashara ya namna hiyo bila mtu wa tatu kutia fedha yake. Kwa hiyo ukiona mapatano mazuri yamevunjika barabarani Isyonje, usimlaumu sana mtu. Yamekufa kwa sababu ya siri.

Bei ya siku inamfaa aliye kando ya lami, ambaye viazi vyake vingali ardhini wakati wa mapatano, na asiyedaiwa hela ya mbolea. Akikosa kimoja katika hivyo, huuza kwa bei ya kutupwa akidhani ndiyo bei ya soko.

Kupatana kwa simu

Watu wakiongea hufanya vizuri kuliko ile hesabu ya 1983 inavyotabiri. Mwaka 2002 Kathleen Valley, Leigh Thompson, Robert Gibbons na Max Bazerman walichapisha majaribio ya jambo hili: muuzaji na mnunuzi, kila mmoja na siri yake, wengine wakikatazwa kuwasiliana, wengine wakiandikiana, wengine wakikaa ana kwa ana. Walioruhusiwa kuwasiliana walifunga biashara nyingi zaidi kuliko ilivyotarajiwa, hasa waliokaa ana kwa ana. Kwa mtu wa huku hilo si geni. Sisi hatutaji bei kabla ya salamu, habari za nyumbani na pole ya msiba wa mwezi uliopita, na katika pole ile ile mtu huwa ameshapima mwenzake ana shida kiasi gani.

Ila simu ina mipaka yake. Vincent Crawford na Joel Sobel walionyesha mwaka 1982 kwamba maneno yasiyomgharimu msemaji hubeba ukweli kadiri masilahi ya msemaji na msikilizaji yanavyokaribiana. Tafsiri yake ya shambani ni hii: dalali akikuuliza una magunia mangapi na barabara ikoje, mjibu ukweli na utegemee ukweli, kwa sababu nyote mnataka gari lifike na lijae. Akikuambia "Dar kumeharibika, mama, gunia halitoki", hapo masilahi yenu yamegeuziana mgongo. Piga simu nyingine. Piga Tunduma, piga Makambako, mpigie mtoto wa shangazi anayeuza genge Mabibo. Na ukisikia "tajiri hapendi kuongea na wakulima", jua kuna cha juu kinalindwa hapo.

Sasa hasara yangu. Msimu mmoja nilipatana kwa simu na mnunuzi mmoja magunia 50, gari lije Jumatatu. Nikaita vibarua, tukachimba Jumamosi na Jumapili. Jumatatu saa nne asubuhi napiga: "Niko Igawa hapa, kaka, naingia." Saa kumi: "Tairi imepasuka." Jumanne simu haipatikani. Tulifunika viazi kwa nyasi na turubai la kukopa, mvua ikanyesha usiku wa Jumanne, na Alhamisi niliuza kwa mtu mwingine kwa bei ambayo mke wangu hadi leo hajaambiwa. Baadaye nilisikia kwamba yule bwana alikuwa hajafika hata Igawa. Alikuwa Makambako, amepata viazi vya rahisi hukohuko, amepakia, amegeuza.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Sidhani alinidanganya siku tuliyopatana. Siku ile alitaka viazi vyangu kweli, na bei ilikuwa nzuri kwake. Alikuja kubadilika aliposhushiwa bei njiani. Maneno yetu yaliondoa giza la kwanza lote: alijua mzigo wangu, nilijua bei yake. Hayakugusa lile la pili, na mimi niliwaita vibarua kana kwamba yameligusa.

Kuna kuongea kwingine kunakotuumiza, nako ni kwa wanunuzi wenyewe kwa wenyewe. Madalali watatu wakinywa chai meza moja pale Uyole saa moja asubuhi, saa tatu wote wana bei moja. Ndiyo maana kokoa ya Kyela kuuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani kuna maana yake: mzigo unakusanywa kwenye ghala, wanunuzi wanashindana kwa zabuni, na hapo ukimya kati yao ndio unaomlinda mkulima. Viazi havina utaratibu huo, na kwa jinsi vinavyooza sioni vikiupata karibuni.

Advansi

Wazee waliita arabuni. Siku hizi ni advansi, au "nitumie kitu nikushikie". Nimeiweka katikati kwa sababu ni fedha inayosema, na fedha haidanganyi kirahisi kama mdomo.

Sheria nayo inaiheshimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo. Lakini kwa mauzo ya bidhaa kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na kifungu chake cha 6 kinasema mauzo ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiwi mahakamani mpaka mojawapo ya mambo haya liwepo: mnunuzi awe amepokea sehemu ya mali, au ametoa kitu cha kufungia mapatano, au amelipa sehemu ya bei, au kuwe na maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa. Ndiyo, shilingi mia mbili; leo hainunui hata kitumbua cha maana. Maana yake ni kwamba magunia yangu 50 ya kwenye simu hayakuwa na mahali pa kusimama, na kama yule bwana angenitumia hata kidogo cha kufungia, hadithi ingekuwa nyingine. Advansi ikija kwa simu ni bora zaidi: ule ujumbe wa muamala una tarehe, kiasi na jina, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kutumika kama ushahidi. Usiufute.

Lakini kiasi chake ndicho kila kitu. Magunia 50 kwa shilingi 60,000 ni milioni 3. Akikupa advansi ya 50,000, na akiwa njiani akapata viazi vya 55,000 kwa gunia, kugeuza kunamwokolea 250,000 na kunampotezea 50,000. Atageuza. Mimi hata ndugu yangu sitamlaumu kwa hesabu hiyo. Advansi ya laki tano ingemfikisha Uyole hata kwa baiskeli. Kipimo changu siku hizi: advansi ilipe vibarua wote wa kuchimba na magunia matupu, ibaki na kitu cha kufidia bei ikianguka kwa elfu tano hivi, na iingie kabla sijafyeka majani. Ikiingia baada ya kufyeka, nimeshapoteza nguvu ya kuikataa ndogo.

Upande wa mkulima nao una ugonjwa wake. Advansi kubwa ikiingia Machi kwa viazi vya Mei huliwa Machi. Mei bei imepanda, mtu anajiona anauza kwa hasara, usiku anachimba matuta matano anampa mwingine. Nimeona, na waliofanya hivyo nawajua kwa majina. Msimu uliofuata tajiri haji tena kijijini, wanaumia na wasiokuwemo.

Mkataba wa maandishi

Watu wakisikia mkataba wanafikiria bei. Wanaandika: kilo moja shilingi 600, saini, muhuri wa mtendaji wa kijiji, shahidi mwenyekiti, basi. Huo ndio mkataba unaovunjika kuliko yote, na kuona kwa nini ni rahisi. Una kilo 5,000. Siku ya kuchimba soko liko 900. Ukiuza pembeni unapata 1,500,000 zaidi. Au soko liko 350: mnunuzi akikukimbia anaokoa 1,250,000. Mmewekeana kishawishi cha zaidi ya milioni moja, upande mmoja au mwingine, kisha mnategemea muhuri uwazuie.

Bora mfunge namna ya kupata bei, bei yenyewe iwe na mahali pa kuchezea. Kwa mfano: tutalipana bei ya jumla ya siku hiyo pale Uyole, lakini isishuke chini ya 450, hiyo ndiyo sakafu, wala isizidi 750, hiyo ndiyo dari. Soko likifika 900, kishawishi chako kimekuwa 750,000, nusu ya kile cha kwanza. Likianguka hadi 350, cha mnunuzi kimekuwa 500,000. Bado kipo, ila sasa kinakaribiana na thamani ya jina lako kijijini na usumbufu wa kumtafuta mnunuzi mwingine siku ile ile. Mkataba hauhitaji kumfanya mtu malaika. Unatosha ukifanya kutimiza kuwe nafuu kidogo kuliko kuvunja.

Kitu cha pili cha kufunga ni uzito. Bei kwa gunia bila kilo ni mlango wa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Shilingi 60,000 kwa gunia la kilo 100 ni 600 kwa kilo. Gunia lile lile likishonewa kilemba likafika kilo 130, umeuza kwa 461. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, kila mtu anajua, na bado kilemba kinashonwa barabarani mchana. Ukiandika "kwa kilo, kwa mzani, shambani", umeokoa fedha nyingi kuliko ambazo ungezipata kwa kubishana bei asubuhi nzima.

Cha tatu ndicho ambacho karibu hakuna anayekiandika: nani anapanga siku ya kuchimba. Oliver Hart, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2016 pamoja na Bengt Holmström, alijenga kazi yake juu ya jambo linalofanana na hili: hakuna mkataba unaoweza kuandika kila litakalotokea, kwa hiyo angalia nani ana neno la mwisho pale karatasi inaponyamaza. Mkataba ukisema "mnunuzi atataarifu siku ya kuvuna" na ukaishia hapo, umempa tochi na rungu. Atasubiri bei ipande Dar huku viazi vyako vikilowa. Andika tarehe mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na uandike kwamba ikipita ya mwisho bila gari, uko huru kuuza na advansi inabaki kwako.

Kuhusu faini, punguza hasira. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi mlichoandika. Kuandika "atakayevunja atalipa milioni 20" kwa viazi vya milioni 3 hakumtishi mtu. Taja kiasi kinachofanana na hasara halisi. Na karatasi iwe kwa Kiswahili. Mkulima anayesaini Kiingereza asichokisoma amesaini salamu tu.

Gharama ya njia hii ni muda, na kwa nusu eka haifai. Kwenda kwa mtendaji, kunakili, na mambo yakiharibika kufika Mahakama ya Mwanzo: siku zote hizo unazitoa kwenye palizi.

Kwa mazao mengine, kwa haraka

Mahindi ya Mbozi na mpunga wa Usangu, vikikauka vinasubiri ghalani. Usijifunge mapema, subiri na uongee na wengi. Chai ya Rungwe na Mufindi ni kinyume kabisa, jani likichumwa linatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, na kiwanda cha karibu mara nyingi ni kimoja. Bila makubaliano ya maandishi ya muda mrefu uko mikononi mwa mtu. Parachichi ya Njombe na Rungwe iko katikati, ila mti unazaa miaka mingi na mnunuzi yule yule atarudi, kwa hiyo hapo ukweli wa mwaka huu una bei mwaka ujao.

Uchague ipi

Ukiwa na magunia chini ya 20 kando ya lami, kaa na bei ya siku, lakini patana kabla hujachimba. Mnunuzi akiwa mgeni na mzigo ni wa gari zima, usichimbe kwa maneno. Dai advansi ya kutosha au acha viazi ardhini. Ukiwa mbali na lami, au umekopa mbegu na mbolea, karatasi yenye sakafu ndiyo inayokufaa, hata kama dari yake itakuuma mwaka wa bei nzuri. Mnunuzi ambaye mmefanya naye misimu mitano bila kugombana, sikushauri umletee fomu ghafla; atashtuka, na atakuwa na haki ya kushtuka. Muongezee mzani tu.

Mimi mwaka huu nimegawa. Theluthi mbili nimeandikishana kwa kilo, sakafu na dari, tarehe mbili. Theluthi moja iko ardhini bila mwenyewe, nayo ndiyo iliyoleta simu ya leo asubuhi nikiwa bado kitandani.

"Shikamoo mzee. Bei ya mwisho ngapi?"

"Marahaba, kijana. Unakuja na mzani?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia gari linapita upande wake. "Nitakupigia tena," akasema.